Kibuyu cha Mafuta ya Breki

Enzi za Mwingereza mume wangu alikuwa dereva wa lori la mwenye duka mmoja wa Singida Mjini. Alibeba ngozi na karanga kutoka Kiomboi na kuziteremsha Mlima Sekenke. Mwaka mmoja breki zikaanza kuvuja. Fundi wa mjini akataja bei ya mipira mipya na mafuta yake, karibu mshahara wa miezi miwili, na mwenye lori akasema fedha hizo zitakatwa kwa dereva. Nilikasirika mpaka nikavunja chungu, na chungu chenyewe kilikuwa changu.

Mume wangu akaamua kufanya kama madereva wenzake. Alinunua mpira mmoja tu, badala ya ule uliochakaa kabisa, na mafuta akataka kutumia ya nyonyo. Mimi ndiye niliyeyatengeneza, nikiwauzia watu ya kulainishia ngozi. Akaja jikoni akashika kibuyu changu, mama yake ameketi palepale akichambua mboga.

"Mama watoto, haya mafuta yako ni nyonyo tupu? Fundi anasema ukichanganya na mafuta ya mnyama mipira inavimba, breki zinakufa."

"Nyonyo tupu," nikajibu.

Nilidanganya. Kibuyu kile nilikuwa nimekijazia mafuta ya mkia wa kondoo ili kijae upesi. Lakini ningesemaje mbele ya mama mkwe, ambaye juzi tu alinisifu kwa majirani kwamba mkamwana wake hajui ujanja wa sokoni? Nikajiambia mafuta yenyewe ni kidogo, hayatadhuru kitu. Jioni ile akayatia mafuta ya kibuyu kwenye breki.

Kesho yake asubuhi, baridi ya Juni inauma, tukapanda lori sote. Mama mkwe alikuwa anakwenda kwa dada yake Shelui, nami nilikuwa na mafuta ya kuuza gulioni. Kubaki nyumbani nisingeweza, ningeulizwa sababu. Mama mkwe akakataa kukaa katikati penye joto. Alitaka mlangoni, tena akamtoa mtoto mgongoni mwangu akamfunga kifuani mwake kwa kanga. Nikanuna, nikiwaza kwamba bibi huyu mkaidi atamgandisha mtoto wangu kwa upepo.

Njia nzima sikuondoa macho kwenye mguu wa mume wangu. Mara za kwanza lori lilitii. Kisha nikamwona anakanyaga, anaachia, anachungulia chini.

"Pedeli hairudi," akanong'ona.

Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mbele yetu barabara ilikuwa inaanza kuinama, na nilijua kule chini kwenye kona kuna lori lililopinduka zamani, ambalo sasa mbuzi hulala ndani yake. Bado niliona haya kusema mbele ya mama mkwe. Tulipofika ukingoni kabisa nikapiga ukelele.

"Simamisha! Nimetia kondoo!"

Alivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, akaruka na kusukumia mawe chini ya magurudumu. Nikaeleza huku nalia. Hakunifokea. Alifungua kifuniko cha mafuta ya breki, akachovya kidole, akayasugua yale mafuta yaliyoanza kuganda, halafu akaenda kukaa juu ya jiwe akitugeuzia mgongo. Afadhali angenitukana.

Fundi alifika siku ya pili kwa lori la watu wengine. Mipira yote ilikuwa imevimba, magurudumu yote manne. Mshahara wa miezi miwili tuliotaka kuukwepa ukawa wa miezi mitano, na nauli ya fundi juu yake.

Lakini kinachonirudia hadi leo si gharama ile. Mchana ule wa kwanza, tukimsubiri fundi, nilimpigia magoti mama mkwe kando ya lori.

"Mama, nisamehe. Nilikudanganya."

"Mimi hukunidanganya. Nilikuona ukiyeyusha ule mkia."

"Mbona hukusema?"

"Nikuumbue mbele ya mumeo, mwanangu? Nilijua utasema mwenyewe."

Nilimshukuru, nikambusu mkono. Ulikuwa mkono wa kushoto, na kiganja kilikuwa na alama nyekundu ya chuma. Ndipo nikakumbuka kwamba tangu tulipotoka nyumbani mkono ule haukuachia kitasa cha mlango. Alikuwa amejiandaa kuruka na mjukuu wake. Mimi na mwanawe tungejijua.