Mjukuu wangu wa benki kubwa ananiita nikaishi kwenye nyumba yake ya Kinyinya, nimekataa. Sababu ni siku ya posa yake

Wakuu, ilikuwa mwaka ule viazi vilipoadimika sokoni, Kigali nzima tukala kawunga na dodo, ugali na mchicha, ugali na mchicha, mpaka watoto wakawa wanaulizia chakula na sahani ziko mbele yao. Hata kwenye sherehe, ukipakuliwa kiazi unamchungulia jirani kama yeye amepata kikubwa.

Basi ni mwaka huo.

Wanaostahili shikamoo wapokee, na ninyi vijana hamjambo. Mimi ni bibi mzima, naishi Masaka hii ya pembeni mwa Kigali, nina shamba langu dogo na kuku. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima, nilikisoma Karagwe tukiwa wakimbizi. Nikikosea herufi, nirekebisheni kimoyomoyo.

Ninachosimulia ni kweli. Nikiongeza chumvi, kuku wangu wote wafe kideri kesho asubuhi.

Nina mjukuu, tumwite Aline. Mama yake, binti yangu, alifariki Aline akiwa bado ananyonya. Nimemlea mimi. Sijifichi, najivunia yule mtoto. Darasani walikuwa wanamwita mashine. Akaenda kusoma nje, akarudi, akapata kazi mjini kwenye jengo la vioo.

Aliponiambia ni benki nilifurahi, nikadhani atakaa dirishani nikienda kutoa hela nisipange foleni. Kumbe kuna benki nyingine haina dirisha wala foleni. Kazi yao ni hivi: kampuni kubwa ikitaka kuimeza kampuni nyingine, wao ndio wanaoikatia nyama. Wanapima, wanapiga hesabu, wanasimamia mpaka watu wasaini. Wenyewe wanaita dili.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu sitaki mtu aseme bibi huyu hana shukrani.

Jicho hili ninalosomea nyuzi zenu lilikuwa na mtoto wa jicho, Aline ndiye aliyelipia likasafishwa. Bati la nyumba yangu ni yeye. Tangi la maji ni yeye. Ng'ombe wa maziwa ni yeye. Majirani walikuwa wakipita wanasema, "Mama, wewe umezaa benki." Na mimi nilikuwa nacheka kwa mdomo wote, meno haya yaliyobaki yote nje.

Upande wa pili ni huu.

Anaingia kazini watu wanafungua maduka, anatoka watu wamesahau kama kulikuwa na mchana. Jumamosi yupo. Krismasi yupo. Akija kwangu Jumapili anasinzia na sahani mapajani. Niliwahi kumtoa kijiko mdomoni mwenyewe, mtoto mzima wa benki, kama nilivyokuwa namtoa titi la chupa.

Nikamwambia, "Mwanangu, kazi gani hii inakula mtu?"

Akanijibu bila hasira (Nyogokuru kwetu ndiyo bibi), "Nyogokuru, wewe ulilima mpaka mgongo ukapinda. Nani alikupa hata kofia? Mimi mgongo unapinda kwenye kiti, lakini nalipwa."

Siku nzima nilikuwa natafuta jibu.

Jibu lilikuja nikiwa napalilia maharage. Jembe, wakuu, jua likizama linakuruhusu. Jembe halikupigii simu.

Tuendelee. Akampata Fabrice, kijana msimamizi wa ujenzi huko huko Kinyinya, Aline alikoanza kujenga nyumba yake. Mpole, buti zina udongo, anakula chakula changu anaomba kingine. Nilimpenda. Familia zikakaa, ikapangwa siku ya gusaba, yaani posa, hapa hapa uani kwangu.

Kwa wasiojua mila yetu: mahema mawili yanatazamana. Upande huu wenye binti, upande ule wanaoomba. Kila upande una msemaji, na wale wasemaji kazi yao ni kutaniana. Binti mwenyewe haonekani. Anakaa ndani na shangazi zake mpaka wazee wamalize kuvutana na ng'ombe akubalike. Ndipo anatolewa kwa nyimbo.

Na utani mkubwa wa wenye binti ni kusema binti hayupo. Ameolewa Kanada. Amekuwa mtawa. Hatuna binti wa jina hilo, labda mmekosea njia. Watu wanacheka, wageni wanabembeleza, ndiyo raha yenyewe.

Shikeni hilo la utani. Ndilo lililotuua.

Bosi wake alimpa ruhusa. Tena alimwambia familia kwanza. Siku yenyewe Aline kavaa mushanana, lile vazi letu la bega moja, kapendeza mpaka shangazi zake wakanyamaza. Simu ikalia.

Wanunuzi wa dili aliyokuwa anaisimamia wamebadilisha mawazo, wanataka kusaini leo leo, na hesabu anazijua yeye.

"Nusu saa tu, Nyogokuru. Huko nje wazee si bado wanapiga maneno?"

Nikasema sawa. Wazee wetu kweli hupiga maneno. Akafungua laptopu juu ya kitanda changu, akaweka vidude masikioni.

Shangazi zake wakaanza kupasha nyimbo za kumtoa. Akageuka, "Shangazi, tafadhali, nyamazeni, wananisikia."

Wanawake waliokuja kumwimbia wakakaa sakafuni kimya kama wako msibani.

Nje mambo yalikuwa moto. Msemaji wetu ni shemeji yangu Karoli, mdogo wa marehemu mume wangu. Karoli anaweza kumtania hata padri kwenye kitubio. Wakavutana, wakacheka, ng'ombe akatajwa, akasifiwa mapembe, akakubalika. Msemaji wao akasimama, "Basi wakwe zetu, mtoleeni kijana wetu binti, mboni ya jicho lake."

Karoli akanitazama. Nikaingia ndani. Aline akaniinulia kidole bila kugeuka. Nikatoka nikamnong'oneza Karoli, "Yuko kazini."

Maskini Karoli akasimama akasema kweli, "Wakwe zetu, binti yuko kazini."

Hema likapasuka kwa kicheko.

Yule msemaji wao akadaka, "Kama yuko kazini tupeni jina la tajiri wake, tukamlipe kibarua cha leo!"

"Si mchezo, mzee mwenzangu. Yuko kazini."

Wakacheka zaidi. Mama mmoja wa upande wao akajifuta machozi kwa kitenge. Fabrice naye alikuwa anacheka, maskini ya Mungu.

Karoli akajaribu tena, sauti imeshuka, "Naapa kwa kaburi la kaka yangu, huyu mtoto anafanya kazi humo ndani."

"Jamani huyu mzee ni hatari!" wakapiga makofi.

Mnaona? Ukweli ulisimama mbele ya watu wote, umevaa suti, na hakuna aliyeutambua.

Wasichana wetu wakacheza ngoma. Wakacheza tena. Chakula kikapoa. Vicheko vikaanza kuchoka, kama moto usioongezwa kuni. Watu wakaanza kutazama simu. Fabrice akapiga simu ya Aline, ikawa inaita tu.

Ndipo bibi yake Fabrice akainuka. Ni kikongwe kutoka Nyagatare, amenizidi umri, anatembea na fimbo. Kwa mila mgeni haingii ndani kabla binti hajatolewa. Yeye akaingia. Nani angemshika?

Nikamfuata nyuma. Akasimama kwenye mlango wa chumba changu. Akamwona Aline katikati ya mushanana na shanga, anasema namba kwa Kiingereza, anacheka na mtu wa kwenye kioo. Wale shangazi sakafuni wakainamisha vichwa.

Kikongwe akaniambia polepole, "Kumbe hakuwa anatania."

Nikasema, "Hakuwa anatania, mama."

"Sisi tulikuja kuomba mtoto. Hatukuja kuomba nafasi kwenye ratiba yake."

Akatoka. Aline hakumwona hata kisigino.

Sikusikia alichowaambia watu wake. Niliona tu wanaume wanasimama mmoja mmoja, wanakunja makoti mkononi. Msemaji wao akatushukuru kwa heshima zote, akasema, "Ng'ombe tumemtaja lakini binti hatujamwona, basi ng'ombe atabaki kwetu. Siku binti akipumzika, mtatuambia."

Hakutukana. Afadhali angetukana.

Fabrice alibaki kidogo katikati ya uwanja, pale anapotakiwa kusimama na mchumba wake. Halafu baba yake akamshika kiwiko.

Magari yalikuwa hayajafika barabarani Aline akatoka. Alitoka anang'aa! Mikono juu, mushanana inapepea.

"Nyogokuru, dili imesainiwa!"

Nikamwambia, "Na ya kwako?"

Akatazama viti vilivyokuwa vitupu.

Wakuu, sitaelezea kilio kile. Ni cha mtoto wangu, si cha mtandaoni.

Aliwafuata kesho yake, akapiga magoti kwa wale wazee. Walimsamehe, siwezi kuwasingizia. Ni Fabrice aliyekataa. Alikuja hapa kwangu kuniaga, akavua buti mlangoni kama kawaida yake. Akasema, "Bibi, mimi ningemsubiri siku ile hata mpaka asubuhi. Ila nilipokaa pale niliona maisha yangu yote niko chini ya hema, nasubiri, na watu wanacheka."

Nikampa mayai aende nayo.

Na kazini kwake je? Walimpigia makofi. Wakampandisha cheo, wakampa bonasi nono. Bosi akanitumia na mimi kikapu kimefungwa utepe, ndani chokoleti na mvinyo. Mvinyo nilimpa Karoli. Chokoleti zililiwa na sisimizi, na hata wao hawakuzimaliza.

Kwa bonasi ile akamaliza nyumba Kinyinya. Nimepelekwa kuiona. Vigae unajiona uso, jiko halina moshi, bomba linatoa maji ya moto bila kuni. Chumba changu kiko chini nisipande ngazi, na kitanda kipana kama shamba. Lakini nikafungua chumba cha Aline mwenyewe: godoro bado lina nailoni ya dukani.

Nikamuuliza, "Unalala wapi?"

"Wakati mwingine hapa. Wakati mwingine kwenye kochi la ofisi." Akanishika mikono. "Njoo, Nyogokuru. Nyumba ni tupu inatisha. Nikirudi nikute taa inawaka."

Nikamwambia, "Siji. Nyumba ambayo mwenyewe halali, mimi silali."

Alilia. Karoli akaniita mchawi. Majirani wanasema nimechezea bahati, kuna vikongwe wanatafuta hata banda.

Sasa nawaambia kile ambacho sijamwambia yeye.

Nikihamia kule, supu itakuwa mezani, taa itawaka, geti litafunguliwa. Hatakuwa tena na sababu ya kuondoka ofisini hata hiyo Jumapili. Leo, kwa kuwa niko Masaka na mgongo mbovu, lazima afunge ile laptopu apande moto, yaani bodaboda, aje anione. Anasinzia na sahani, sawa. Lakini anasinzia kwangu. Mimi ndiye kamba ya mwisho iliyobaki kumfunga na watu, na kamba haifuati ng'ombe.

Funzo? Mimi si mwalimu. Wenye watoto wanaotamani kazi hizi, msiwakataze, hela zile ni za kweli na jicho langu ni shahidi. Ila mwambieni mtoto akubali kazi baada ya kuuliza jambo moja: siku yangu ikifika, nani atakaa kwenye kiti changu? Wakimwambia "ni wewe tu unayejua hizo hesabu", asifurahi. Hiyo si sifa. Hicho ni kitanzi kimepakwa asali.

Haya, mimi nimetua mzigo. Mnaofanya kazi hizo njooni mnieleze kama nimekosea. Mnaotaka kunitukana pia karibuni, nimelea wajukuu, matusi yenu siyaogopi.

NYONGEZA: Naona mnaniuliza mshahara wake. Hamuoni aibu?

Na wewe uliyesema nina roho mbaya, nimekusoma mara mbili. Inawezekana. Lakini mchana huu, nikiwa nawajibu hapa, Aline amepiga simu. Yuko ofisini, nasikia watu wanabofya nyuma yake. Ameniwekea pazia jipya chumbani kwangu, rangi ya bluu ninayoipenda. Amesema, "Nyogokuru, nakuomba. Mara ya mwisho nakuomba."

Nimeishika simu mpaka sikio likapata moto. Nikamwambia, Jumapili nakupikia isombe, kisamvu kile unachokipenda, uje na njaa.

"Na nyumba?"

Siji. Nyumba ambayo mwenyewe halali, mimi silali.