Kwaya Iliyojificha Juu ya Kuba

Juzi nilipita kwenye jengo linalokarabatiwa, na harufu ya chokaa mbichi ikanirudisha kwenye monasteri ya Kiorthodoksi kando ya bahari, nje kidogo ya Sydney, alikonipeleka mama nikiwa mtoto, lockdown ya korona ilipolegezwa.

Kwa miezi mingi ibada za kanisa letu la Wakongomani pale Guildford, mtaa wetu jijini, zilikuwa kwenye simu tu, na tuliporudi, kuimba kulikatazwa. Mama, aliyekuwa akiongoza kwaya, aliacha kuimba hata jikoni.

Ndani ya monasteri kulinukia ubani na chokaa. Mtawa mzee alitueleza kwamba waliomtangulia waliijenga kwa mikono yao, wakipandisha mawe kutoka ufukweni, na kuba wakalimaliza mwisho. Mama alitazama juu kwa muda mrefu. Kisha akashusha barakoa, akapiga kigelegele kimoja.

Kuba likajibu. Sauti za wanawake wengi zilitushukia, nami nikaamini kwamba juu kuna ghorofa, na kwaya nyingine imejificha huko isikatazwe kuimba. Nilimwangalia mtawa, nikidhani atatufukuza. Alikwenda kufunga mlango ili kelele za mawimbi zisiingie.

“Mama, tuwasubiri washuke,” nikasema.

Leo ninajua kwamba kuba hurudisha sauti. Mama alijua hata siku ile. Lakini alinitazama usoni, akaketi kando yangu kwenye benchi.

“Haya, tuwasubiri,” akasema. “Ngoja niwaite tena.”