Asali Isiyogusa Chupa

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Miaka ile soko la nchi lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, Korogwe ililetewa kila kitu kikiwa na lebo nzuri nje na takataka ndani. Nilikuwa na duka la steshenari na kompyuta moja, nikichapa kadi za harusi na hizo hizo lebo, kwa hiyo nilijua uongo unavyopikwa.

Mama mmoja mfuga nyuki alishuka kutoka Misima na chupa ya asali nyeusi kama chai ya rangi iliyolala. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanieleza shida yake. Mwenye duka mmoja wa Tanga alikuwa tayari kuchukua asali yake yote ya msimu, ila alitaka lebo yenye picha ya chupa, na angepita kesho yake kuiona. Akikataa, asali ingebaki nyumbani, na mwaka ule mahindi yake yalikuwa yameungulia shambani.

Asali nyeusi hivyo? Mimi moja kwa moja nikasema moyoni: sukari guru hiyo.

Kupiga picha kulishindikana, maana kioo cha chupa kiliakisi dirisha langu na sura yangu. Nikaamua kuichora kwa programu niliyojifunza mwenyewe. Unajenga chupa, unajenga asali ndani yake, kisha mashine inapiga hesabu ya mwanga unavyopita humo, mstari kwa mstari, saa nzima. Kwa kuwa sikuiamini asali yake, niliipa rangi ya ile ya madukani iliyotoka nje, njano na angavu. Tena kwa uangalifu wangu nikaacha upenyo mwembamba kati ya asali na kioo, visigongane.

Picha ilipokamilika mama akaisogelea skrini.

"Mwanangu, mbona asali hii haigusi chupa?"

Kweli. Pembeni kote kulikuwa na uzi mweupe wa mwanga, na asali inaelea katikati.

"Halafu si yangu. Haya ni maji ya sukari. Yule bwana akiona hii kisha akafungua chupa, atasema mimi tapeli."

Nikakasirika. Nikamwambia kama yake ni halisi, anionyeshe. Hakubishana. Aliomba kiberiti, akachovya kichwa cha njiti kwenye asali yake, akakipangusa, akakiwasha. Kikawaka mara moja. Asali iliyotiwa maji, au sukari guru iliyoyeyushwa, haikubali hivyo; kila mtu kwetu anajua, na mimi nilijua, ila sikutaka kumpa nafasi. Niliona aibu hasa.

Nikakaa tena. Rangi ilikuwa rahisi. Ule uzi mweupe ulinitesa hadi alasiri, mpaka nikafanya jambo lisilotokea kwenye chupa yoyote duniani: niliipanua asali ikaingia kidogo ndani ya unene wa kioo. Uzi ukatoweka. Asali ikashika chupa, nyeusi na nzito.

"Sasa ndiyo yangu," akasema. "Umefanyaje?"

Nikakiri kwamba nimedanganya kidogo. Akacheka, lakini si sana, akakisogeza kiberiti mbele yangu.

"Yangu tumeiwasha. Yako tutaijaribu na nini?"

Kesho yake bwana wa Tanga alichukua asali yote. Hakufungua hata chupa moja. Aliitazama lebo yangu, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akasema hii inaonekana wazi ni halisi.