Mwizi Kabla ya Kuiba

Juma lililopita, katika kiwanda cha pamba Homa Bay, karani alikuwa akitusimulia hadithi aliyosoma, ya mashine inayomkamata mwizi kabla hajaiba. Mtu mmoja akaingia kuomba kazi ya ulinzi.

"Omera, ndugu yangu, baba yako alifungwa kwa wizi wa ng'ombe," karani akamwambia. "Nawe utaiba tu."

Yule mtu akavua kofia, akaketi sakafuni. "Basi niajiri uone, bwana karani. Leo sitaiba. Kesho nitakuja tena, nisiibe."

Karani akacheka, akampa rungu la mlinzi.

Nikamkumbuka daktari aliyetabiri kifo cha mke wangu. Hakukosea, alifariki. Lakini hakutabiri kwamba kabla ya kufa mgonjwa wake angeamka akapanda mtama. Juzi niliuvuna.