Aspaya Aliyekalia Ngozi ya Maksai

Aspaya alikuwa mfupi. Alikuwa mfupi kiasi kwamba akipanda farasi, aliyemwona kwa mbali alidhani farasi ameota nundu. Lakini mikono yake, mama we! Aliwahi kumzaba kofi mbwa mwitu aliyeingia katikati ya kondoo, na tangu siku hiyo mbwa mwitu yule akawa anachunga kondoo. Anayebisha na aende akamuulize mwenyewe.

Mikono hiyo aliipata kwenye kazi ya sufu. Unaitandaza sufu, unaichapa kwa fito mpaka inafura, unainyunyizia maji ya moto, unaiviringisha ndani ya ngozi, halafu farasi anaiburuta nyikani huku na huko mpaka nyuzi zishikane zisiachane tena. Wengine wakifungua jioni wanakuta matobo ya kupitisha paka. Sufu ya Aspaya haikupitisha hata upepo. Ule upepo wa kaskazini, unaomwaga manyoya meupe ya baridi kutoka mbinguni, ukifika kwenye gari lake la ng'ombe, ndiyo nyumba kwetu, ulikuwa unazunguka nyuma na kwenda zake, kama mgeni aliyenyimwa kiti. Magari yote ya kambi yetu aliyaezeka yeye, na ya wanaomsengenya pia.

Mumewe, Badaki, alipokufa tulifanya kama inavyopasa. Tulimpandisha garini, tukamzungusha kwa ndugu na marafiki, na kila tulipofika tulipikiwa, marehemu naye akaandaliwa sehemu yake. Tukamfukia, tukaingia hemani, tukatupa mbegu za bangi juu ya mawe ya moto, tukaoga moshi, tukalia kwa sauti mpaka wengine tukasahau tunalia nini. Aspaya akabaki na gari, maksai wawili wa kulivuta, na farasi majike wa Badaki, weupe kama maziwa yao.

Hao farasi ndio waliomtoa udenda jirani yetu wa ng'ambo ya bonde. Gosaka jina lake, mtu mnene, tajiri wa mifugo, mwenye wapanda farasi wengi na tumbo lisilojua kutosheka. Alikuja mchana kweupe akawaswaga farasi wale mbele ya macho ya mwenyewe.

"Mjane wa nini na farasi wote hawa?" alisema. "Utawachosha bure, bibie. Kaa ukande sufu yako."

Sasa, sisi Waskithi wa nyika ni watu wa maziwa ya farasi. Asiye na farasi wa kukamua hula kwenye chungu cha mwenziwe, na chungu cha mwenzio kina macho: kila tonge kinakutazama. Aspaya hakuwa na mtoto wa kiume wala kaka. Lakini alikuwa na haki yake, ile anayozaliwa nayo kila Mskithi, mfupi na mrefu: kukalia ngozi ya maksai na kuita watu wampiganie.

Asubuhi yake alinoa kisu akaenda kwa maksai wake.

Mzee Soraki, jirani yake mwenye jicho moja, alitoka garini mbio bila kofia. "Aspaya! Umerukwa na akili? Huyo anavuta gari lako!"

"Najua anavuta nini, mzee."

"Kambi inahama majani yakikauka! Maksai mmoja haliwezi gari. Watu wasipokuja kwenye ngozi yako, utaachwa hapa na manyoya meupe yakufukie!"

"Basi wakija?"

Soraki akamshikia maksai pembe.

Kuni hakuna kwetu, lakini maksai mwema hujipika mwenyewe: nyama yake ndani ya tumbo lake, mifupa yake chini ikiwaka kama mafuta. Harufu ikapanda. Nawaambia, harufu ile ilivuka bonde ikawaamsha waliolala usingizi wa pombe ya maziwa. Aspaya akatandaza ngozi mbichi mbele ya watu wote, akaketi katikati, akaweka mikono nyuma ya mgongo kama mateka aliyefungwa. Akanyamaza. Ndivyo inavyofanywa. Mwenye kudhulumiwa haombi. Ngozi ndiyo inayoomba. Anayetaka kumpigania huja, huchukua kipande cha nyama, hukanyaga ngozi kwa mguu wa kulia na kutamka analeta nini. Akishatamka, ameapa mbele ya Tabiti, mama wa moto, na kiapo hicho hakivuliwi kama kofia.

Watu walijaa. Walitazama nyama, wakatazama ng'ambo ya bonde, wakatazama vidole vya miguu yao.

"Tangu lini mwanamke akakalia ngozi?" mmoja akanong'ona.

"Tangu ulipoanza kulala chini ya sufu yake usife baridi," mkewe akamjibu, tena si kwa kunong'ona.

Soraki akajikongoja mbele. Akachukua nyama, akaikanyaga ngozi. "Mimi naleta upinde mmoja na jicho moja. Jicho ni zima. Upinde una ufa."

Watu wakacheka. Aspaya hakucheka. Aliinamisha kichwa kumshukuru, kama vile ameletewa jeshi la mfalme.

Baada yake hakuja mtu. Jua likapanda, nzi wakaja, mafuta yakaanza kuganda. Wanaume walikuwa wakisukumana kwa viwiko: nenda wewe, nitakufuata. Nani amfuate nani, wakati wapanda farasi wa Gosaka wanajaza bonde zima? Jasho lilimtiririka Aspaya usoni na hakuweza kulipangusa, maana mikono ikitoka nyuma ya mgongo, shauri limekwisha. Nilikuwa karibu. Niliona anaiuma midomo yake.

Ndipo vumbi likaonekana. Gosaka huyo, na wapanda farasi wake nyuma yake, wakiongozwa na Mastaya, binti wa dada yake, msichana aliyekuwa anaweza kumtungua bata angani huku anapiga chafya. Wengine walisema Gosaka alikuja kutisha watu. Mimi nasema pua ndiyo iliyomleta.

"Hii ndiyo ngozi iliyonitia homa?" akapaza sauti, akishuka. Farasi wake akashusha pumzi kwa kutuliwa mzigo. "Jeshi liko wapi, bibie?"

"Niko hapa!" akasema Soraki.

"Wewe mzee kalale, jicho lako linataka mwenzake."

Wapanda farasi wake wakaangua kicheko, naye kicheko kikampanda kichwani kama pombe. Akaikaribia nyama. Akainusa. Akachagua kipande cha nundu, kilichonona kuliko vyote, akakitafuna mashavu yakimeremeta.

"Tamu!" akasema. "Maksai huyu hastahili kuliwa na jicho moja peke yake. Maskini mjane, kila mtu amemkimbia. Basi mimi nitamhurumia!"

Akainua mguu wake wa kulia, akaukita juu ya ngozi, karibu na goti la Aspaya, akatazama watu wake akikonyeza. "Mimi Gosaka naleta wapanda farasi wangu wote! Tutampiga huyo mwizi wako mpaka alie!"

Akacheka mpaka tumbo likaruka. Akaendelea kucheka. Kisha akagundua kwamba anacheka peke yake.

Aspaya akainua uso. Ndiyo mara ya kwanza kufungua mdomo tangu aketi kwenye ngozi.

"Nimekupokea," alisema taratibu. "Mwizi wangu anaitwa Gosaka. Anakaa ng'ambo ya bonde."

Gosaka akauvuta mguu haraka kama aliyekanyaga kaa la moto, lakini unyayo ulikwisha bakia pale kwenye ngozi mbichi, mpana, mtu yeyote angeujua ni wa nani.

"Nilikuwa natania!" akasema. "Enyi watu, hamjui utani?"

"Moto hauna utani, mjomba," akasema Mastaya. Hakuwa anacheka tena. Uso ulikuwa umempauka. "Umekula nyama. Umekanyaga. Umetutaja sote."

"Mimi ndimi ninayekulisha, we mtoto!"

"Na ukivunja kiapo tulichomo ndani yake, atanilisha nani? Nani ataapa udugu na mimi, tunywe damu kwenye kikombe kimoja? Watasema huyo ni wa kwa Gosaka, wanaokula nyama ya kiapo kama njugu." Akageuza farasi wake. "Mjomba, panda. Tunakwenda kumpiga mwizi."

"Mwizi ni mimi!"

"Hapo umesema kweli. Panda."

Nami naapa, sijapata kuona vita kama vile. Gosaka alitangulia mbele kwenda kuivamia kambi yake mwenyewe, na Soraki pembeni yake akimhimiza, "Ongeza mwendo, jemadari, adui atatoroka!" Wanaume wetu, waliokuwa wakisukumana viwiko tangu asubuhi, sasa waligombea kukanyaga ngozi mpaka karibu waichane, nao wakafuata. Wake wa Gosaka walipoona mume wao anakuja mbele ya jeshi, mmoja alimuuliza chakula kiwekwe cha watu wangapi.

Hakuna mshale uliotoka kwenye podo. Gosaka alifungua zizi kwa mkono wake, akawatoa farasi weupe mmoja mmoja na watoto wao, akawaswaga kurudi kwetu.

Aspaya alikuwa bado ameketi vile vile, mikono nyuma, midomo imepasuka kwa kiu. Kuna mwanamke alitaka kumnywesha maji, Aspaya akatikisa kichwa. Mpaka farasi wa kwanza aliponusa nywele zake ndipo alipoiachia mikono. Ilikuwa imekufa ganzi, ikining'inia kama ya mtu mwingine. Tulimsugua mabega huku wengine wanaimba. Yeye hakusikia wimbo. Alijiburuta mpaka kwa farasi, akawapapasa viwele, mmoja baada ya mwingine, akakunja uso.

"Gosaka!" akaita.

Lile jitu likageuka, limejiinamia. "Nini tena, dada yangu?"

"Huyu amevimba kiwele. Mlimkamua bila kumwekea mtoto wake ubavuni." Akasogea pembeni kidogo, akampa nafasi. "Njoo umshike mtoto wake hapa. Taratibu. Mikono yangu ikiamka, nitakuonyesha anavyokamuliwa."

Gosaka akapiga magoti, akamshika mtoto wa farasi.