Mafuta ya Usoni

Mume wangu alikuwa anakoroma mpaka wapangaji wa vyumba vya uani wakawa wanajua siku ambayo hakulala nyumbani. Hilo halikunisumbua. Nimelelewa kwenye nyumba ya wakoromaji, na kwangu mie kelele za mtu aliyelala zilikuwa sawa na mvua kwenye bati. Kilichonitoa roho ni pale alipokuwa ananyamaza. Anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Kifua hakipandi wala hakishuki. Nakaa kitako kitandani nahesabu, na nikifika ishirini namtikisa kwa nguvu zangu zote. Hapo anavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani, kisha ananilaumu kwa kumkatizia usingizi.

Miaka mingapi nilihesabu hivyo, sijui. Mchana yeye alisinzia juu ya meza yake ya ukarani kule bandarini, mie nikasinzia juu ya mbuzi ya nazi. Majirani zetu wa Temeke wakatutania kwamba nyie wawili hata salamu mnajibu kwa miayo.

Msaada ulitoka Maskati. Dada yake aliyeolewa huko alimwalika kwenye harusi ya binti yake, na wenyeji wakamsikia usiku wa kwanza tu. Wakampeleka hospitali, akalazwa amefungwa nyaya kichwani na kifuani. Daktari akamwambia kwamba koo lake linajifunga akilala, pumzi inakatika, na moyo wake umevumilia sana lakini ipo siku utakataa. Dada mtu akamnunulia mashine. Akarudi nayo mapajani, hakuiamini mizigo ya ndege: kisanduku kinachopuliza upepo, kidumu cha maji ya kuulainisha huo upepo, bomba refu lenye mikunjo, na kikombe cha mpira cha kuvaa puani chenye mikanda ya kufungia nyuma ya kichwa. Kikombe hicho tulikiita maski. Kulikuwa na kijitabu cha Kiingereza pia. Mambo ya Kiingereza nyumbani kwetu yalikuwa yake, kwa hiyo alikisoma yeye, akakitia kwenye mtoto wa meza, nami sikukiulizia tena.

Kosa la kwanza lilitokana na heshima. Kitu cha gharama, kimetoka ng'ambo, unakiwekaje chini? Tukakipandisha juu ya kabati, nikakitandikia kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu. Ilikuwa masika, nguo hazikauki, chumvi imegeuka tope ndani ya kopo. Upepo ulitoka kwenye mashine umejaa unyevu, ukapita kwenye bomba lililokuwa linapigwa na feni, ukageuka matone. Na kwa kuwa mashine iko juu na mume wangu yuko chini, matone yalijua pa kwenda. Akaamka anakohoa, maji yanamtoka puani, anasema anazama. Mzaliwa wa Mtoni, aliyejua kuogelea kabla hajajua kusoma, anazama kitandani kwake! Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikaona ameng'ang'ania ukingo wa kitanda, nikaacha.

Tukaishusha mashine, tukaiweka kwenye kigoda, chini ya usawa wa godoro, ili maji yarudi yalikotoka. Feni nikaigeuzia ukutani. Nikachukua kanga yangu kuukuu, nikashona mfuko mwembamba mrefu, nikalivika bomba kama mtoto anayevikwa soksi. Matone yakakoma. Nilijisikia fundi kweli kweli, na kila mgeni aliyekuja nilimwonyesha bomba langu lililovaa kanga.

Lakini maski ilikuwa inavujisha upepo. Hili ndilo lililotutesa. Kila jioni tulikuwa na utaratibu wetu: anaoga, anakaa kwenye mkeka, mie nampaka uso mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe kwa asumini na mlangilangi, taratibu, kuanzia paji la uso kushuka kwenye mashavu na ndevu. Somo wangu, mwanamke aliyenifunda nikiwa mwali, alinikanya kwamba mume halazwi na uso mkavu, na tangu niolewe sikuwahi kuacha hata siku tuliponuniana. Tukimaliza, ndiyo anavaa maski. Haipiti saa inaanza kuteleza. Upepo unapenya chini ya jicho la kulia, unapiga filimbi, na asubuhi jicho jekundu kama la mtu aliyekata vitunguu gunia zima. Nikakaza mikanda. Ikamwachia alama mashavuni, wenzake kazini wakamuuliza kama mkewe siku hizi anampiga.

Hayo ya macho na mashavu tungeyacheka yakaisha. Ila upepo ukivuja, koo linajifunga vilevile, na kile kimya kinarudi. Mashine iko, inanguruma, inakula umeme siku ambazo umeme upo, na mie bado nimekaa kitako nahesabu. Niliogopa kuliko zamani, maana zamani nilikuwa na matumaini kwamba kuna dawa mahali fulani. Sasa dawa ilikuwa kwenye kigoda na mume wangu anakata pumzi pembeni yake.

Tukaandika barua Maskati. Wifi akajibu kwamba ameuliza, na ameambiwa mambo ni mawili: ama mdomo unafunguka usingizini, basi afunge taya kwa kitambaa, ama nywele za usoni zinauzuia mpira kushika. Barua niliisoma nikaiweka, nikasema tutaongea. Jumapili mchana nikatoka jikoni na kikombe chake cha chai, nikamkuta amelala chali anajaribu. Amejifunga ukanda wa shuka nyeupe chini ya kidevu, fundo likakaa utosini.

Sie tunawafunga hivyo maiti wetu, taya lisije likakakamaa wazi. Baba yangu nilimfunga kwa mikono yangu hii. Chai ilimwagika, sijui hata nilifikaje kitandani, nikauvuta ule ukanda mpaka akalia kwamba namvunja shingo.

"Hicho kitambaa hukifungi nikiwa hai," nikamwambia. "Nyoa."

Ndevu zile alikuwa amezifuga tangu tupate mtoto wa kwanza. Msikitini walimjua kwa ndevu, sokoni walimjua kwa ndevu. Nilimbana siku tatu, asubuhi na jioni, na nilisema maneno ambayo mwanamke hatakiwi kumwambia mumewe. Nilimwambia kama anataka kuniachia ujane kwa ajili ya nywele, aseme. Siku ya nne alirudi kutoka kazini kidevu kikiwa kitupu, cheupe, kidogo, masharubu nayo hayapo. Akakaa barazani amejishika kidevu kwa mkono. Jirani mmoja akaja kuuliza kwa sauti ya chini kama tumefiwa. Mie nikaingia ndani nikalia, maana alikuwa amezeeka ghafla na mkosaji ni mie.

Jioni nikampaka mafuta usoni, safari hii mengi zaidi, kwa kumhurumia. Maski ikavuja kama jana.

Asubuhi alipokwenda kazini, nikaitia maski kwenye kikapu nikaenda kwa fundi baiskeli. Msinicheke. Alikuwa mtu mzima wa bara, mpole, anaziba kila kinachovuja mtaani kwetu, mipira, ndoo, mpaka viatu vya mvua. Nikamwomba anikatie ukanda wa tyubu auzungushe kwenye ukingo. Akaigeuza maski, akapitisha kidole gumba, akanusa, akaufuta ukingo kwa kitambaa chake, akanusa tena.

"Mama, huu mpira umekunywa mafuta," akasema. "Umelegea. Mpira na mafuta havikai pamoja. Mie hata kiraka sibandiki mpaka nifute. Nani anaupaka?"

Nikairudisha maski kikapuni. Nilirudi nyumbani na kikapu changu, nikaikoroga sabuni ya kipande kwenye maji ya vuguvugu, nikauosha ule mpira mpaka ukaacha kuteleza vidoleni. Nikaosha na mikanda. Kisha nikakaa nikawaza jinsi nitakavyomwambia mtu aliyenyoa ndevu zake kwa ajili yangu kwamba kilichokuwa kinamziba pumzi ni mkono wangu. Nilitamani nisiseme. Ningeweza kusema nimechoka kupika mafuta, au asumini zimeadimika, ikapita. Lakini moyo ulikataa.

Akarudi, akala, akaoga, akakaa kwenye mkeka na kuniinulia uso kama kawaida. Mie nikaja na beseni la maji na sabuni. Nikamweleza yote, ya fundi baiskeli, ya mpira, nikaomba radhi ya ndevu. Nilisubiri anifokee, na ningestahili.

Akalitazama beseni. Akasema, "Imo kwenye kile kijitabu. Uso uoshwe, usipakwe chochote."

"Ulikisoma lini?"

"Siku ya kwanza."

Jamani, nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuipata tangu nizaliwe. Ndevu kanyoa, na bado kakaa kimya akaniacha nikihesabu. Miezi yote ile nimekesha nakisikiliza kifua chake, naye jawabu analo kwenye mtoto wa meza. Nikamuuliza alikuwa anataka kufa au alikuwa anataka kuniua mie kwanza.

"Ningekwambia," akasema, "ungeacha kunipaka."

Nilimwosha uso. Nilimsugua kwa sabuni kwa nguvu kupita kiasi, na alijua kwa nini, hakulalamika. Nikamkausha, nikamvika maski, nikafunga mikanda bila kuikaza. Nikawasha mashine nikaweka kiganja chini ya jicho la kulia. Hapakuwa na upepo. Nikazunguka pua yote kwa kiganja, na hakuna ulipotoka.

Kisha nikachukua chupa yangu ya mafuta, nikakaa upande wa pili wa kitanda.

"Lete miguu," nikamwambia.