Siku Mama Alipokwama Ugenini

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo viganja vyangu hutoka jasho. Juzi ulipokuja kunitembelea kwa ujirani ukanambia kuwa baba yako anakwenda India kutazamwa macho, na kwamba atasafiri peke yake, nilinyamaza. Ukadhani sikukusikia. Nilikusikia vizuri, ila siku ile ilinijia mbele ya macho, nikaona nikikujibu kwa pupa nitakutia hofu bure. Na hofu ndiyo hasa ninayotaka kukusimulia. Basi sogea, utulie unisikilize, kwani mwenda pole hajikwai.

Wakati huo nilikuwa bado kijana, nimeolewa si zamani, na simu za mkononi ndiyo kwanza zimeenea mjini, zile za vibonye. Mama yangu, Bi Zaina, Mungu amrehemu, alikuwa ameshavuka sabini. Alizaliwa Chwaka, akaolewa mjini, na tangu hapo akakaa katika nyumba ya baba yangu, Mkunazini. Msahafu akiusoma bila ya kusita, lakini herufi za kizungu hakuzijua, na lugha yake ilikuwa hii yetu tu. Magoti yalikuwa yameshamchoka. Tena alikuwa na sukari, akipigwa sindano asubuhi na jioni.

Aliyekuwa akimpiga sindano hiyo si mimi, bintiye. Alikuwa Zuhura, mke wa kaka yangu Juma, kwa sababu wao ndio waliokaa naye nyumba moja. Zuhura kwao Mpendae. Alikuwa mwanamke mtaratibu, asiyesema sana. Sisi watoto wa mama tulikuwa tukisema kwa niaba yake pia.

Kaka yetu mkubwa, Suleiman, alikuwa na kazi Maskati. Alipopata mtoto wake wa kwanza alimwita mama akamwone mjukuu. Kwenda, mama alifuatana na jirani yetu. Kurudi ndiko alikorudi peke yake, na ndege yenyewe haikuwa ya moja kwa moja. Ilibidi ashuke katika mji wa njiani, angoje, kisha apande nyengine ya kuja Unguja. Suleiman alimpeleka uwanjani alfajiri, akamkabidhi kwa wahudumu, akampa simu ndogo yenye laini ya kule. Akatupigia, akasema, "Ataletwa kwa kiti cha magurudumu mpaka mlangoni. Msiwe na wasiwasi."

Nasi hatukuwa na wasiwasi. Nyumba ilikuwa inanukia. Mama mkubwa, Bi Tatu, dada wa mama aliyemtangulia kuzaliwa, alikuja kutoka Chwaka na samaki wake aina ya changu, akakamata jiko, akakuna nazi mwenyewe, hataki kusaidiwa. Baada ya adhuhuri mimi na Juma tukaenda uwanja wa ndege kumpokea.

Tulimkuta kijana wa pale amesimama mbele ya watu anaeleza jambo. Huko kwenye mji wa njiani, alisema, kumeshuka mvua kubwa na dhoruba, ndege hazikuruhusiwa kuruka. Safari imefutwa. Abiria wataletwa kesho, inshallah, kama hali itatulia.

"Na wazee je?" nikamuuliza. "Mama yangu yuko peke yake, na ni mgonjwa."

"Watahudumiwa, dada," akasema kwa upole. Lakini nani atamhudumia, na kwa lugha gani, na amewekwa wapi, hayo hakuyajua. Angeyajuaje, naye yuko Unguja kama mimi?

Mwanangu, sijui nikuelezeje hofu ile. Haikuja kwa kishindo. Ilikuja kama picha akilini. Nilimwona mama na buibui lake katikati ya umati, watu wanampita, maandishi yamejaa kila ukuta na hata moja halimwambii kitu. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku ile nilijua kuwa uchungu wa mzazi nao una mwenyewe.

Nikampigia. Akapokea, sauti yake ya kawaida. "Naam, mwanangu. Naona watu wamesimama wanalalamika. Kuna nini?"

Badala ya kumweleza, nikaanza kulia. Nikamwambia ndege haiji, amekwama, awafuate wale wanaolalamika popote watakapokwenda, kwa sababu abiria huwa wanapelekwa hoteli. Akasema, "Haya, mwanangu." Juma akanipokonya simu, akamwambia asimfuate mtu, aende kwanza kaunta akawaambie kuwa ana sukari. "Haya, baba," akasema mama. Hatujapumua, Suleiman naye alikuwa ameshapata habari, akampigia kutoka Maskati, akamwambia kwa ukali wa mtu mwenye hofu asinyanyuke hapo alipo hata kidogo, mtu atakuja. Naye pia alijibiwa haya.

Nikampigia tena kumuuliza kama ameshawafuata wenzake. Juma akampigia kumuuliza kama amefika kaunta. Suleiman akampigia kumuuliza kwa nini anasikia sauti ya kutembea. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo chetu kilikuwa bibi mmoja mwenye magoti mabovu. Mara ya mwisho nilipopiga, simu haikuita. Ilikuwa imekwisha moto, betri haina kitu.

Tuliyoyajua baadaye ni haya. Alikwenda kaunta, akakuta msururu, hakuna anayesikia Kiswahili chake. Akarudi kukaa kama alivyoambiwa na Suleiman. Akanyanyuka kuwafuata watu kama nilivyomwambia mimi, akasita katikati ya njia, akarudi tena. Aliposita kwa mara ya mwisho, wale abiria wenzake walikuwa wameshatoka na basi la hoteli. Muhudumu aliyekuja na kiti cha magurudumu alikuta pahala pake patupu. Mama alikuwa upande mwengine wa ukumbi, kajiegemeza kwenye nguzo, hajui tena alikotoka.

Sisi hayo hatukuyajua. Tulichojua ni kuwa simu haiiti. Tukarudi Mkunazini, hatusemezani njia nzima. Kule nyumbani Suleiman alikuwa akipiga kila dakika kutuuliza nani kati yetu aliyemwambia mama atoke alipokuwa. Juma akamjibu vibaya. Mimi nikamwambia Juma asimjibu kaka yake hivyo. Tulikuwa tunapigiana kelele sebuleni, kila mmoja ana simu sikioni, na mama yetu hayumo hata katika moja ya simu hizo.

Bi Tatu akatoka jikoni anafuta mikono kwa kanga. Alisimama mlangoni akatusikiliza kwa muda, mpaka aibu ikatushika tukanyamaza.

"Mdogo wangu mnamwogopea," akasema, "au mnamwogopesha?"

Akaja akasimama katikati yetu.

"Mie sijapanda ndege," akaendelea, "na huo uwanja siujui. Lakini Zaina namjua. Ukimwachia jambo moja atalifanya. Ukimpa matatu kwa mpigo, atataka ayafanye yote ili asimvunje mtu moyo. Nyie nyote mmemtuma, hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Haya nambieni, ameshakula?"

Sote tulikuwa tumezungumza naye, wengine zaidi ya mara moja, na hapana aliyemuuliza hivyo. Zuhura alikuwa amekaa pembeni, na hapo akainuka. Akasema polepole, "Mama mkubwa, asubuhi Suleiman amempiga sindano. Na mama hali chakula asichokijua kimepikwa na nani. Kama hajala mpaka saa hizi, sukari itakuwa inashuka."

Hapo ndipo hofu yangu ilipobadilika. Mpaka wakati huo nilikuwa nikiogopa mama kupotea. Sasa nikaogopa neno jengine, na neno hilo sikuweza kulitamka. Zuhura alipiga ofisi ya shirika la ndege, akangoja, akaunganishwa, akangoja tena, akaeleza jina na maradhi ya mama kwa utulivu, wakamwahidi kumtafuta. Bi Tatu akatandika msala pale pale sebuleni, akasali alasiri. Sikuwahi kuona sijida ndefu namna ile.

Alikuwa hajakunja msala simu ya mezani ilipolia.

Mwanangu, ilikuwa imebaki pale mezani kwa mazoea tu. Watu wote walikuwa wakitupigia kwenye simu za mkononi. Sote watatu tuliirukia. Bi Tatu akaweka kiganja chake juu yake.

"Nani hapa ambaye sauti yake haitetemeki?" akauliza.

Akatutazama mmoja mmoja, kisha akamnyooshea mkono Zuhura. Niliumia, sikufichi. Ni mama yangu, na ninaambiwa nisiongee naye. Lakini nilijua kuwa nikifungua mdomo nitalia, na nikilia yatarudi yale yale.

Aliyepiga alikuwa mama mmoja wa Mombasa, abiria wa ndege nyengine iliyofutwa pia. Alipita karibu na nguzo akamsikia bibi anajisemea peke yake kwa Kiswahili, "Ya Rabbi, nende wapi mie." Akasimama. Akamuuliza kama ana namba ya mtu yeyote. Namba za simu zetu za mkononi mama hakuzijua. Zote zilikuwa ndani ya ile simu iliyokwisha moto. Lakini ya nyumbani kwake aliijua kwa moyo, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akiwatajia watu miaka yote.

Mama alipopewa simu, Zuhura akasema, "Shikamoo, mama."

Akangoja.

"Sisi hatujambo. Chakula kinakungoja. Umekaa au umesimama? ... Kaa basi. Mama, umekula? ... Mikono inatetemeka? Jasho je? ... Sawa. Usiogope, ni ile ile inayokushika nyumbani, nayo tunaijua. Mpe simu huyo mwenzio."

Yule mama wa Mombasa alipochukua simu, Zuhura alimwambia ampatie maji ya matunda matamu, au soda, sasa hivi, kabla ya jambo jengine lolote, kisha kitu cha kutafuna, na asimwache peke yake. Tukasikia kwa mbali, ndani ya simu, viatu vinakimbia. Zuhura akabaki na mkonga wa simu sikioni, macho ameyafumba. Sisi tumemzunguka. Nilikuwa nasema ndani yangu, ewe Mola, usinipokonye mama yangu mbele ya watu asiowajua.

Kisha Zuhura akafumbua macho. "Ndiyo, mama," akasema. "Kunywa yote. Ee, hata kama ni baridi."

Bi Tatu akakaa chini kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Yaliyobaki ni mepesi. Wahudumu walifika na kiti, wakampeleka kwenye zahanati ya uwanja ule, akapimwa, akaangaliwa vizuri. Dawa zake zilikuwa katika sanduku lililokwenda chini ya ndege, kwa hiyo wakampa za kwao. Yule mama wa Mombasa alilala naye chumba kimoja hotelini, na mpaka mama anafariki walikuwa wakipigiana simu kila Idi. Siku ya pili tulimpokea, kachoka, kapungua uso, lakini anacheka.

Sisi tulimzunguka kumwomba radhi. Nikamwambia, "Mama, tulijua umepotea."

Akanishika kidevu kama nilipokuwa mdogo. "Mie nilikuwa nimekaa zangu, mwanangu. Nikajua ndege imechelewa, nitangoja kama wenzangu wanavyongoja. Sikujua kama nimepotea mpaka nyie mliponambia."

Nikauchukua mkoba wake, tukampeleka nyumbani.

Sasa wewe, mwanangu. Baba yako akaende, usimzuie. Macho ni macho. Ajali haina kinga, na ndege kufutwa ni jambo la dunia, mvua haimuulizi mtu ana baba mzee au hana. Mwambie hivyo kabla hajaondoka, mwambie waziwazi, kwamba ndege inaweza isiruke, na kwamba siku hiyo hatakuwa amepotea, atakuwa amechelewa tu. Akae penye watu, amwambie aliye karibu yake shida yake, kwani kuuliza si ujinga. Dawa zake zote na kitu cha kutafuna viwe katika mkoba wa mkononi, visimtoke. Awe na namba moja aliyoihifadhi kichwani, si ndani ya simu, na huyo mwenye namba asiitoe simu yake mkononi mpaka mzee afike.

Na nyinyi ndugu kaeni leo, si siku ya mkasa, mchague mtu mmoja wa kusema naye. Wengine wote nyamazeni, hata kama mnaumia, hata kama wewe ndiye kipenzi chake. Huyo mmoja amuulize kwanza amekula nini na anajisikiaje, halafu ndiyo amuulize yuko wapi. Ukitaka kulia, lia. Machozi si haramu. Lakini kata simu kwanza. Mzee aliye mbali hana macho ya kusoma maandishi ya ugenini. Anasoma sauti ya mwanawe, na lolote atakalolisoma humo ndilo atakaloliamini.

Nenda, Mungu akuwekee baba yako. Amvushe mawinguni kwa usalama, ampe nuru ya macho yake, na kila atakapokwama amjaalie mtu mwema wa kumpa maji na kukaa naye. Na wewe, siku utakapokuwa mzee na kusafiri peke yako, akujaalie watoto watakaokupigia simu kwa sauti ya utulivu. Amin.